Programme Yetu Haina Kosa Hata Moja

Keren ametoka sasa hivi kutapika maziwa juu ya karatasi ya kwanza, njo maana, Baba Keren, naanza upya ku hii ya pili. Tangu asubui niko ku kiwanja ya ofisi ya état-civil ya kuandikisha batoto, shiye bamama makumi ine na batoto mugongoni. Mutoto wetu iko na siku makumi nane na nane. Zikipita makumi tisa bila kuandikishwa, ni tribunal, mbele ya hakimu. Lakini guichet, dirisha ya karani, imefungwa kwanza, ju Mukubwa Mardochée Ngosa anatoa hotuba. Naandika yote vile anasema, usiseme nilichelewa ku soko.

«Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, waheshimiwa wakuu wa bureau, manaibu wao, makaimu wa manaibu wao, viongozi wa dini zote, akina mama mnaonyonyesha na mliomaliza kunyonyesha, nanyi watoto wachanga, raia wa kesho ambao leo bado hamjulikani na Serikali (batoto bawili banalia), mimi, Coordonnateur Principal wa Projet ya Numérisation ya Vizazi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao watu wengi wamenisifia.

Katika roho ya modernisation, performance na bonne gouvernance, tangu mwezi wa tatu tulisimamisha kuandika watoto kwa mkono, kwa sababu programme ya ordinateur, yaani kompyuta, itakuja kuwaandika (bamama banaangaliana). Lakini programme hutungwa na watu, na kila mtu akiitunga kwa namna yake, huyu anaacha nafasi mbili mwanzo wa mstari, yule anaacha nne, huyu anaeleza kazi yake, yule anaficha, nchi itakwenda wapi? (Mama moya: ku tribunal.) Ndiyo sababu, badala ya kukimbilia kuiandika kama wafanyavyo watu wasio na vision, tulichukua mawakala watano wa intelligence artificielle, yaani akili bandia, wasiokula, wasiolala, wasioomba pesa ya transport, ili kwanza watunge sheria za namna ya kuiandika. Wakala wa kwanza anatunga sheria, wa pili anaikosoa, wa tatu anamkosoa wa pili, wa nne anawapatanisha, na wa tano anatoa rapport kwamba siku imekwenda vizuri (makofi, ya bantu ba bureau tu).

Matokeo, akina mama, ni sheria elfu moja mia mbili na sita kwa wiki kumi na moja! Suala la nafasi mbili au nne peke yake lilichukua siku kumi na tisa, mpaka mimi mwenyewe nilipoingilia kati na kuamua, kwa hekima niliyojaliwa, kwamba ziwe tatu (kicheko, Mukubwa anazania ni furaha, anarudilia: tatu). Na wakala wa kwanza akanijibu papo hapo kwamba hilo ni wazo zuri sana, lenye kina. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, sijawahi kuambiwa hivyo nyumbani.»

(Mama Alima, mwenye alitoka Lukafu na mapacha, anasimama: «Papa Coordo, sasa bana bangu bataandikwa wapi, leo?»)

«Swali zuri, mama, linaloonyesha kwamba population imeanza kuamka. Jibu liko katika sheria namba mia nne: hakuna kitu kitakachoingia bila kukaguliwa na wawili. Na hapa natangaza kwa fahari kwamba mawakala wamekagua programme yetu, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wasikute kosa hata moja. Asilimia mia! Hata Ulaya hawajafika hapo (makofi mingi, hata miye napiga).

Basi tuseme pamoja. Nafasi tatu! (Bureau: oyee.) Sheria kwanza! (Oyee.) Mtoto baadaye! (Kimya.)

Namalizia kwa kushukuru. Namshukuru binti yangu Plamedie, kwa kuwa mawakala wote watano wanakaa katika telefone yake. Nawashukuru mawakala wenyewe kwa kukagua mistari yote ya programme, ambayo kwa sasa ni sifuri. Na namshukuru mapema mtu atakayeiandika, ambaye tutaanza kumtafuta mara tu ordinateur itakapopatikana.»

Baba Keren, sikia yenye ilifuata. Mama Alima alitandika kitenge chini mbele ya mulango ya kiwanja, akakaa, akaanza kunyonyesha ule wa kwanza. Shiye wote tukakaa. Gari ya Mukubwa haina na mahali ya kupita. Alisema ni désordre, fujo, akasema tena, kisha akamuangalia Papa Antoine, karani.

Papa Antoine aliingia ndani, akafungua guichet, akaweka kitabu kikubwa ya mukono ku meza. Alisema tu pole pole, «Chef, hata weye ulizaliwa mu kitabu kama hii.»

Mapacha bameisha kuandikwa. Karatasi ya Keren ya kuzaliwa tutaiweka mu plastique, mvua isiiguse, na Keren akianza masomo, ile siku ya kwanza, utamushika mukono na miye nita—

(Papa Antoine, ku guichet:) «Mama Keren, kuya na mutoto.»