Ombi la Kurudishiwa Mkanda Unaopiga Yowe

Kamina, mwezi wa tano

Mheshimiwa Baba Buko,
Kaniama.

Kwa heshima yote anayostahili mtu aliyenipa mke, nakuandikia nikiwa nimeketi wima na kuvaa shati la Jumapili, maana neno lenyewe ni zito. Binti yako Émerence amebadilisha mkanda wa injini ya gari langu, hapa hapa uani, bila fundi wala ruhusa. Gari sasa limenyamaza. Nakuomba umwamuru aurudishe ule wa zamani.

Najua utajiuliza kama mkwe wako mwalimu amepandwa na malaria kichwani. Soma kwanza malalamiko yangu.

1. Mkanda ulikuwa umechakaa, sikatai. Kila nikiwasha gari ulipiga yowe la kusikika hadi kwenye kanisa letu la Wamethodisti, na wanakwaya walisubiri nipite ndipo waanze wimbo. Lakini yowe hilo ndilo lililolinda heshima ya buko, yaani ya ukwe wetu. Unajua mwenyewe kwamba mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Tangu Mama Buko aje Kamina mwaka jana kukaa kwa shemeji Noémie, mtaa wa pili kutoka kwetu, hatujaaibika hata mara moja: gari linalia, Mama anasikia, anaingia kwenye mahindi ya watu, napita, anatoka. Serikali gani imewahi kupanga barabara vizuri hivyo?

2. Jumanne iliyopita, gari likiwa kimya kama paka, nilikata kona ya soko nikamkuta Mama katikati ya barabara, beseni la samaki wakavu kichwani. Hakuwa amesikia kitu. Tukatazamana. Tukatazamana, Baba! Yeye akajitupa mferejini pamoja na samaki wake. Mimi kwa hofu nikainama chini ya usukani, na gari likaenda kujisimamisha lenyewe kwenye kibanda cha muuza makaa. Soko zima lilishangilia. Mama mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, weye uko naendesha ao uko nasali?"

3. Namna kazi yenyewe ilivyofanyika inauma. Émerence aliazima kle moja, yaani spana, kwa jirani Yav, akalegeza boliti za alternata, akaisukuma ndani, akavua mkanda wa zamani, akavalisha mpya. Hadi hapo ningesamehe. Lakini ili mkanda ukaze, alternata lazima isukumwe nje kwa kitu kigumu, na kitu kigumu alichokichagua ni mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu. Tangu siku hiyo bukari ya nyumbani kwangu ina harufu ya garaji. Nilipomuuliza, alinijibu huku akijifuta mikono: "Minyi nilikungojea weye mwaka muzima." Jibu hilo nililiona liko nje ya mada.

4. Hili sasa ndilo linaloninyima usingizi. Umeagiza Mama arudi kwako Kaniama. Zamani ningejibu kwa masikitiko makubwa kwamba gari ni bovu, Mama angepanda pikipiki, na dunia ingetulia. Sasa sina pa kujificha. Émerence ametangaza, na shemeji Noémie amepiga makofi, kwamba mimi ndiye nitakayemleta. Siku nzima ya vumbi na mashimo, watu wawili wasioruhusiwa kutazamana, ndani ya sanduku moja la bati! Na niseme ukweli, Baba: kwa miaka tisa ya ndoa yangu mama huyu ananikimbia, nami sijui kama ni heshima tu au hanipendi. Naogopa kujua.

Kwa hiyo naomba mkanda wa zamani urudishwe mahali pake. Ikishindikana, basi naomba kwa unyenyekevu ukoo wako utoe watu wenye sauti nzuri, watangulie mbele ya gari langu kwa zamu wakipiga yowe, kutoka hapa hadi Kaniama na kurudi. Chakula chao nitagharamia. Mwiko ninao.

Wasalimie wote wa hapo, wakubwa kwa wadogo, pamoja na wale wasionikumbuka.

Ni mimi mkweo, mtiifu na mwenye hofu,

Mwalimu Éliézer

N.B. Baba, barua hii sikuituma, na karatasi nyingine sina. Tumeshafika. Émerence alitundika kitenge kati ya kiti changu na kile cha nyuma, nami nikageuza kioo cha kutazamia nyuma kitazame paa. Tulipotoka tu mjini, nikasikia sauti nyuma ya kitenge: "Buko, mwaka ya jana ulikonda sana. Minyi njo nilimwambia Émerence akuongezee nyama." Kumbe kila gari lilipolia, Mama alikuwa akinichungulia kutoka kwenye mahindi aone kama nimeshiba! Injini ilikuwa kimya, sikupoteza neno hata moja. Nililia kidogo, halafu tukacheka njia nzima. Huo mkanda mpya asiuguse mtu.

Tuko nyuma ya nyumba yako tangu alasiri. Napitisha karatasi hii chini ya mlango ili kukuomba, tafadhali, usitoke kwanza. Mama hajamaliza kunisimulia ulivyoanguka siku ulipokuja kumposa.