Hotuba ya Kufungua Bomba la Muthetheni

Mheshimiwa Gavana, au mwakilishi wake, au dereva wa mwakilishi wake, ambaye naona amefika na gari. Baba Askofu, mapadre, wachungaji na makatekista wenu. Chifu, Naibu wa Chifu na wazee wa nyumba kumi. OCS wetu mpendwa, mkuu wa kituo cha polisi. Wakurugenzi wa idara ya maji, mliofika na mliotuma udhuru. Mwenyekiti wa soko la Muthetheni na kamati yako yote. Akina mama wa vikundi, mabwana, mabibi, na punda ambao bila wao wadi hii ingekufa kiu: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kwa wale wachache wasionijua, mimi ni Bartholomew Muema, Mwakilishi wenu wa Wadi na mtumishi wenu mnyenyekevu kwa miaka mitano, na nasimama mbele ya bomba hili kwa niaba ya stakeholders wote kuzindua rasmi Mradi Jumuishi wa Maji Safi na Endelevu, Phase One, ambao baada ya feasibility study saba, ziara mbili za benchmarking kule Mombasa, na public participation iliyofanyika chini ya hema pamoja na soda, umekamilika kwa asilimia mia moja na kumi na nane. (Vigelegele.) Basi nafungua. (Maji yanatoka.)

Yanatoka. Naomba dakika moja. (Maji yanaendelea kutoka.)

Mabibi na mabwana, katika utumishi wangu nimefungua mabomba kumi na moja na hakuna hata moja lililowahi kunifanyia hivi. Na sasa naona pia kwamba kipaza sauti hakipigi kelele, kwamba hakuna aliyeuliza tisheti ziko wapi, na kwamba leo ni siku yenyewe ya uchaguzi, ambapo mkutano kama huu umekatazwa na sheria, na bado OCS ananipigia makofi. Kwenye semina moja ya uongozi tulifundishwa kwamba mtu akishuku anaota, ahesabu vidole. Nahesabu vya mkono wa kushoto. (Umati unahesabu pamoja naye hadi sita.) Basi ni rasmi, nimelala. Nakumbuka hata nilivyolala: saa saba mchana, kwa kochi langu, dakika tano tu, nikingoja watu wa televisheni waje saa kumi wanichukue picha nikitumbukiza kura yangu.

Msiondoke. Mwezeshaji wa semina aliita hali hii lucid dreaming, yaani kuota huku unajua unaota, na faida yake ni kwamba mwenye ndoto anaweza kuamuru. Makofi. (Makofi.) Lami hadi mjini Tala. (Lami inajitandika.) Reli pia, maana ni haki yetu: Syokimau, mtabiri wetu wa zamani, aliiona reli kabla ya mtu yeyote kuijenga, na leo kuna stesheni yenye jina lake, nami nimeyaona maji kabla ya mtu yeyote kuyachimba, kwa hivyo ni suala la timeline tu kabla wadi hii haijaitwa Muema. (Vifijo, kwa amri.)

Na kwa kuwa hapa hakuna waandishi wa habari ila wale niliowaota mwenyewe, niruhusuni niseme ukweli mara moja tu. Ninyi mlionipigia kura nawashukuru, lakini msijione. Uchaguzi uliopita nilishinda kwa kura moja. Waliojiandikisha walikuwa elfu tisa, na elfu sita kati yao walibaki nyumbani, na hao ndio ngome yangu. Anayenichukia akapanga laini ya kupiga kura ni adui. Anayenichukia akabaki shambani akipalilia ndengu ni mshirika wa maendeleo. Kila nyumba inaposema wanasiasa wote ni wale wale, mimi napata usingizi mtamu, kama mnavyonishuhudia. Na wa kwanza kabisa kati yao ni Mwikali wa Muli, yule mama aliyeketi nyuma na punda wake, ambaye tangu apate kitambulisho hajapiga kura hata moja, na ambaye mara ile nusura nimpelekee mbuzi wa shukrani. Mwaitu, mama yetu, simama. Inua mkono wa kushoto watu waone kidole kisafi, kisicho na wino wa kura.

(Mwikali anainua mkono. Kidole chake cha mwisho kina wino.)

Hiyo ni hitilafu ya kiufundi. Naamuru wino utoke. (Hautoki.) Naamuru tena, kwa mamlaka niliyopewa na katiba. (Hautoki.) Mama, ndoto hii ni yangu, na ndani yake wewe hupigi kura. Mpeni kipaza sauti ajieleze.

(Mwikali: "Mheshimiwa, si ati nilikuwa sijui. Nilikuwa najua mnatuotea tu, ndio maana nilikuwa nakaa kwangu. Niliona kupiga kura ni kama kukubali ndoto ya mtu mwingine. Lakini leo asubuhi nikiwa mtoni nachimba mchanga nitafute maji, punda akapiga magoti, akakataa kuinuka. Nikakaa hapo kando yake nikalia. Nikaona, kumbe kujua ni ndoto hakujanisaidia na kitu, maana bado niko ndani. Si wewe umesema ukijua unaota unaweza kuamuru? Nikaenda nikapanga laini.")

(Makofi marefu.)

Hayo makofi sikuyaagiza. Nani ana saa? OCS, ni saa ngapi huko nje? (OCS anatazama kando.) Ndugu zangu, nakiri mbele yenu kwamba naogopa, kwa sababu kura moja ni kura moja, na yangu bado iko kwa kochi. Semeni nami: Muema ni maji. (Watu wanainuka.) Maji ni Muema. (Watu wanakunja viti.) Hatulali mpaka maji yatoke. (Bomba linakauka.)

Namalizia kwa kuwashukuru wahandisi, ambao hawakuwahi kuajiriwa. Mkandarasi, ambaye ni shemeji yangu na hajui kwamba alishinda tenda. Na mradi wenyewe, ambao haukuwahi kupata hata shimo moja la kuzikia bomba. Naomba mtulie, kuna mtu ananitikisa bega. Ni Ann, mke wangu. Anasema, "Baba Mwelu, amka. Watu wa kamera walikuja wakakupiga picha ukikoroma, na kituo cha kura kimefungwa sasa hivi."

Nahesabu vidole. Ni vitano, na cha mwisho ni kisafi. Dirishani naona Mwikali akipita, mtungi mgongoni, punda akichechemea nyuma yake bila mzigo. Ananipungia mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kikiwa na wino.