Rangi ya Harusi ni Manjano

Kanazi, Jumatano, 14 Februari 1979

Mambo yamekamilika! Karibu yote. Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 24, mimi Anatoli, mwalimu wa elimu ya watu wazima, namwoa Esperansia binti Niragira wa Keza. Padri ametangaza kanisani mara zote tatu na hakuna aliyepinga. Shangazi yake, Petronila, alikohoa sana mara ya pili, lakini padri hakuhesabu kikohozi.

Lazima iwe Jumamosi hiyo. Jumatano inayofuata ni ya Majivu, Kwaresima inaanza, na ndani ya Kwaresima padri wetu hafungishi ndoa. Mzee Niragira amesema hangoji Pasaka. Kuna mtu Biharamulo, ana duka na nyumba ya bati, ameshamuulizia Esperansia mara mbili. Nikiikosa siku hiyo, nimemkosa. Nikiwaza hivyo nakosa hata hamu ya kula.

Sharti la mzee limebaki moja: rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mengine amesamehe kwa sababu ya vita. Sukari hakuna, sabuni hakuna, malori yote yamekwenda kaskazini na wanajeshi. Lakini ndizi, anasema, hazikuandikishwa jeshini. Bwana harusi alete rubisi ya kwao, itakayotosha ukoo mzima kwa mirija, la sivyo asivuke ua wake. Nadhani bado ana kinyongo kuhusu ng'ombe wangu wa mahari, yule aliyetoroka akarudi nyumbani kwetu kabla mimi mwenyewe sijafika.

Leo bahati! Nimenunua chumvi, Ernesta wa duka la kijiji akaifunga kwa ukurasa wa gazeti la zamani. Nafungua: ushauri kwa wanaopanga harusi! Kwanza, chagueni rangi moja. Pili, pambeni kwa vitu vya asili. Tatu, mgeni asijue yaliyo jikoni mpaka wakati wake. Nne, na zaidi ya yote, bwana harusi asisahau kamwe ku.

Basi. Karatasi imechanika hapo. Asisahau kufanya nini? Nimerudi dukani mbio. Ernesta anasema kipande cha pili amefungia mtu mwingine chumvi, hakumbuki nani.

Alhamisi, 15 Februari

Rangi nimechagua: manjano. Duka lina jora moja tu, la mapazia, manjano kama kiini cha yai. Nimekata suruali na shati, na gauni la Esperansia. Sijamwambia. Atafurahi sana akiliona.

Sasa ndizi. Mama ametoa mikungu yote ya shamba la nyuma, Mungu ambariki. Lakini shimo letu la kuvundikia lilibomoka kwa mvua za Novemba. Mama anasema nichimbe jingine. Nichimbe tena? Mwezi mzima wa Desemba nilichimba handaki la kijiji pale karibu na shule, tujifiche ndege za adui zikija. Viganja vyangu bado vina sugu. Handaki refu, kavu, limekaa bure. Ndege hata moja haijaja. Tena ni la ujamaa. La ujamaa maana yake ni la wote, na mimi ni mmoja wa wote.

Nimezipanga ndizi ndani alfajiri kabla watu hawajatoka kwenda mashambani. Juu nimefunika kwa majani makavu ya migomba, mengi, vizuri kabisa. Jumanne zitakuwa mbivu. Jumatano kukamua, kutia mtama, Ijumaa iko tayari. Vitu vya asili, na jikoni hakujulikani! Ushauri wa pili na wa tatu kwa pigo moja.

Ijumaa, 16 Februari

Balaa. Bulugu amekuja na baiskeli yake hadi darasani kwangu, mbele ya wanafunzi. Bulugu ni kamanda wa mgambo wa kijiji, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, ana filimbi shingoni hata akiwa anakula. Akaniuliza kama ni mimi niliyefunika handaki kwa majani. Nikasema ndiyo. Nilikuwa tayari kupiga magoti.

Akanipa mkono! Amesema katika vijiji vyote alivyotembelea hajaona handaki lililofichwa namna ile. Rubani akipita juu ataona shamba la migomba tu. Ameagiza mahandaki yote ya kijiji yafunikwe vile vile.

Kisha nikaelewa: Bulugu ni mtu wa ng'ombe na pamba. Ndizi anazijua zikiwa sokoni. Nikamwambia niliisoma mbinu hiyo kitabuni.

Jumapili, 18 Februari

Baada ya misa, mkutano wa kijiji. Bulugu amenisimamisha mbele nipigiwe makofi. Watu wamepiga makofi sana. Wazee wameziba midomo kwa kofia zao, akina mama wamejifunika nyuso kwa khanga, mabega yanatikisika. Sijui kwa nini. Pengine ni uchungu wa kuona kijana wao amefanikiwa.

Esperansia alikuwepo. Alikwenda hadi handakini, akainua jani moja, akachungulia, akalirudisha. Nikamwuliza kama amependezwa. Akasema amechoka, na anaomba nisifanye kitu kingine chochote mpaka Jumamosi. Maneno ya mapenzi hayo, nadhani.

Lakini hili limenichoma: baadaye nimemwona amesimama na Bulugu kando ya ile baiskeli. Wakizungumza polepole! Bulugu akaitikia kwa kichwa. Nilipokaribia wakanyamaza. Mtu wa Biharamulo sijamwona hata sura, na sasa huyu. Nimerudi nyumbani na wivu, nikipiga teke kila jiwe njiani.

Jumatatu, 19 Februari

Handaki linanukia! Nyuki wamejaa. Bulugu amepita, akavuta pumzi, akauliza harufu hiyo ni ya nini. Nikamwambia majani yakikauka hunukia hivyo. Akaandamwa na nyuki akaondoka.

Habari mbaya zaidi. Sifa zangu zimefika wilayani. Kesho anakuja mgeni kutoka ofisi ya wilaya, kuliona handaki la mfano na kutazama zoezi la watu kujificha. Kesho! Siku ndizi zinapoiva! Nilitaka kuzitoa leo, lakini Bulugu ameweka mgambo wawili walinde handaki usiku na mchana. Nimewaomba waniruhusu nirekebishe majani. Wamesema handaki la mfano haliguswi, hata na aliyelifunika.

Na kesho hiyo hiyo Mzee Niragira anakuja kukagua maandalizi ya rubisi. Mama anauliza nitamwonyesha nini. Hata mimi sijui. Bado nawaza ule ushauri wa nne. Asisahau kamwe kulala mapema? Kuleta viti?

Jumanne, 20 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeumwa na nyuki.

Mgeni wa wilaya alifika, suti ya kaki, viatu vinang'aa. Mzee Niragira naye alifika, kanzu nyeupe, koti, bakora. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, akauliza ndizi ziko wapi. Nikamwambia ziko mahali salama sana. Watu wote walikuwa wamekusanyika, wamesimama mbali kidogo na handaki, mbali kuliko ilivyo kawaida.

Sijui Bulugu alipanga kupiga filimbi saa ngapi. Mimi nilijua ni zoezi. Wallahi nilijua! Lakini filimbi ilipolia, na mtu nyuma yangu akapiga kelele ndege, ndege, nilisahau kila kitu. Nilisahau zoezi, nilisahau ndizi. Nilichoona ni mzee wa watu, baba wa Esperansia, amesimama peupe. Nikamshika mkono, nikaruka naye.

Tulitua laini. Kisha tukazama. Mgeni wa wilaya aliona mwalimu mwenyewe ameruka, naye akaruka kutuunga mkono, Bulugu akafuata. Kijiji kizima kikabaki juu kimesimama. Mgeni akawafokea kwamba ni waoga, waingie wote mara moja! Wakatazamana. Amri ni amri. Wakaingia.

Yesu na Maria! Ndizi zilikuwa zimeiva barabara. Ziliingia viatuni, mikononi, masikioni. Nyuki wakaamka. Kanzu ya mzee ikawa manjano tangu kifuani hadi chini, rangi ile ile niliyochagua. Mgeni wa wilaya alitoka ameshika ganda, akaniuliza hili ni nini. Kibibi mmoja akajibu kwa niaba yangu kwamba hiyo ni harusi ya Anatoli, watu wote wanajua tangu Alhamisi.

Wote walijua! Ndiyo maana ya yale mabega.

Jumatano, 21 Februari

Adhabu yangu: kusafisha handaki peke yangu. Nimechimba na kuzoa tangu asubuhi. Ningechimba shimo la mama, ningekuwa nimemaliza siku nyingi. Nimejaribu kuokoa juisi kidogo kwenye ndoo. Ilikuwa na udongo, nyuki, na kifungo cha suti ya kaki.

Nimelia humo ndani. Naandika ukweli. Nimekaa chini ya handaki nikamlilia Esperansia, kwa sababu sina ndizi nyingine, sina siku nyingine, na nampenda.

Shangazi Petronila akatokea juu, akanichungulia. Amesema kaka yake jana alifika nyumbani ananuka kama kiwanda cha pombe, alitukana njia nzima. Lakini alipokwisha kuoga alisema jambo moja: kwamba yule mjinga alipodhani ndege zimekuja, alimshika yeye kwanza, kabla ya mama yake mzazi. Sharti liko palepale, lakini. Rubisi ya kwetu Jumamosi, au basi.

Halafu akauliza kama mitungi ya kwetu ni safi. Nikasema ni safi, kwa kuwa ni mitupu. Akasema vizuri sana, akaenda zake anacheka. Ukoo huu siuelewi.

Ijumaa, 23 Februari

Jioni nilikuwa nimekaa nje najiuliza nitavaa nini siku ya kukataliwa. Bulugu huyo anakuja na njia ya Keza! Kwenye baiskeli vibuyu vimefungwa mbele na nyuma. Nyuma yake mgambo wake, kila mmoja na kibuyu begani, wakipiga hatua kama wako gwaride. Nikainuka nimkabili. Nikamwambia kama amekuja kunitangazia kwamba Esperansia ni wake, aseme.

Akanitazama kwa huruma. Akafungua kibuyu. Rubisi! Kali, tamu, yenye povu!

Ikabidi anieleze polepole, na bado alinieleza mara mbili. Esperansia alivundika ndizi zake kwa siri, nyuma ya nyumba ya shangazi Petronila, siku ile ile nilipovundika zangu. Hata handaki alikuwa hajaliona. Alianza, amesema, kwa sababu ya yule ng'ombe: aliyeshindwa na ng'ombe hataiweza rubisi. Jumapili alimwomba Bulugu usafiri. Bulugu alikubali, na tangu Jumanne akaongeza mgambo wake, kwa kuwa filimbi ilikuwa yake na anaona aibu.

Kwa hiyo rubisi ya kwao imeletwa kwetu, imwagwe kwenye mitungi yetu, ili kesho sisi tuibebe tuirudishe kwao, iwe rubisi ya kwetu. Nimechora njia yake chini kwa kijiti ndipo nikaelewa. Mzee hajui. Shangazi amesema akijua, atatuoza wote wawili kwa yule wa Biharamulo.

Jumamosi, 24 Februari

Nimeoa!

Esperansia alivaa gauni jeupe la kuazima kwa masista. La manjano amesema litatosha pazia la dirisha. Basi manjano nilivaa peke yangu. Shangazi aliuliza mbele ya watu kama nimetumbukia tena.

Tulifika Keza, mitungi kichwani, nikangoja nje ya ua. Mzee akainama kwenye mrija, akanyonya. Akanyonya tena, akafumba macho. Kisha akasema hajawahi kuletewa rubisi kama hii, mtu angeapa imepikwa nyumbani kwake. Shangazi akakohoa kile kikohozi chake. Mzee akanishika mkono uleule nilioumwa na nyuki, akanivusha ua.

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Jumatatu, 26 Februari

Esperansia amehamia, nyumba imenyooka. Nimemwonyesha ule ukurasa wa gazeti. Akausoma, akachukua penseli yangu, akamalizia mwenyewe: bwana harusi asisahau kamwe kumuuliza bibi harusi.

Nimefikiri sana. Haiwezekani. Sentensi ilikuwa ya zaidi ya yote, lazima iwe jambo kubwa. Nadhani ni kupiga picha. Nimefuta.

Hata hivyo harusi imefana, na nikiitazama kwa utulivu naona mpango wangu ulifaulu: rubisi ilipatikana, siku haikupotea, na manjano ilionekana. Ujuzi kama huu si wa kukaa nao. Bulugu baada ya Pasaka anamwoa Theodosia wa hapa hapa Kanazi, na wakwe zake nao wanataka rubisi ya kwao. Maskini, Msukuma, ndizi hazijui! Nimemwambia asihangaike, mambo yote aniachie mimi. Alianza kusema kwamba ameshazungumza na Esperansia. Nikamkatiza. Ni wajibu wangu.

Mahali nimeshapata. Shuleni wamechimba shimo la choo kipya. Refu, kavu, halijaanza kutumika. Leo jioni nimelipima kwa kamba.

Esperansia sijamwambia.