Jiwe Langu Linang'aa

Jumamosi, 4 Mei
Maumivu ya ubavu wa kushoto! Nilikuwa napima maua ya babunaji, yale ya chai, dukani, mara niko chini, nimekumbatia gunia. Mke wangu Nimaat akanikimbiza hospitali kwa Nashwa, binti wa kaka yangu, daktari wa picha. Nikalazwa katikati ya ile pete kubwa ya mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili. Inavuma taratibu kama mama anayebembeleza mtoto. Nikasinzia. Nikaota naelea juu ya mji wetu, Damanhur, watu wote ni wa kioo, na ndani ya kila mmoja kuna kijiwe kinachomemeta.

Nashwa akanieleza nikiwa bado nusu ndotoni. Mashine huonyesha ugumu wa jiwe la figo. La asidi ya yuriki hutoka hafifu pichani, na dawa ya kupunguza ukali wa mkojo inaweza kuliyeyusha. La kalsiamu hutoka jeupe pe. Hilo halisikii kinywaji chochote. Ni kubashiri, akasema, uhakika uko maabara. Halafu akaniambia langu ni lipi. Sikusikia. Nilikuwa nimeshazama mawazoni.

Mimi nauza mitishamba. Nina chai ya mawe. Huwafaa wachache, wengine hunirudia na matusi. Sasa je, nikiwapa wenye mawe hafifu tu? Sitakosa hata mara moja! Sidqi wa duka la mkabala, na maji yake ya shayiri, atauza mpaka milango ya duka lake.

Jumapili, 5 Mei
Nimemwomba Nashwa majina ya wenye mawe hafifu. Akauliza kama nimerukwa na akili. "Ami, siri za wagonjwa si njugu za kugawia wapita njia!" Mwanamke mgumu. Kalsiamu tupu.

Nimehamia langoni pa hospitali. Nawaomba wanaotoka wanionyeshe picha zao. Naziinua juani. Uzuri ulioje! Mawingu, visiwa, miezi midogo. Nimesahau kula.

Jumatatu, 6 Mei
Nimempata! Bi Ratiba, mwoka mikate wa karibu na reli. Kwenye picha yake kuna kitu cha kijivu, laini, umbo la haragwe. Hafifu kabisa! Nikampa chai na kutangaza mtaa mzima. Sidqi akatoka nje kuuliza tangu lini wauza bizari wanasoma picha za hospitali. Nikamjibu tangu yeye alipoanza kuuza uji na kuuita dawa.

Jumatano, 8 Mei
Bi Ratiba, aliyeacha matibabu kwa kutegemea chai yangu, kabebwa hospitali, homa na maumivu. Wamewahi kumwekea mrija wa kupitisha mkojo, Mungu ashukuriwe. Nashwa akaja dukani na koti lake jeupe. Lile haragwe lilikuwa figo yenyewe. Figo! Jiwe lilikuwa kile kidoa cheupe pembeni. Mimi nilidhani vumbi. Nilijaribu kukifuta kwa mkono wa kanzu.

"Angekufa, Ami," akasema. Kisha akasema langu nalo ni jeupe, aliniambia tangu Jumamosi, limeziba njia, na nikizidi kungoja figo itakufa. Nimaat akaangua kilio. Mimi pia, kidogo. Halafu nikawaza: nani atanunua chai ya mawe kwa mtu aliyetolewa jiwe hospitali?

Alhamisi, 9 Mei
Nimekwenda hospitali kwa siri. Nimevaa abaya ya Nimaat, na nikabu ya kufunika uso. Nikaketi kando ya bibi mmoja mnene, kimya, naye kajifunika gubigubi. Nikatazama chini. Viatu vya Sidqi!

Nikamnong'oneza jina lake. "Nyamaza, mama," akasema, kwa sauti nzito mpaka muuguzi akageuka. Kaja kuchukua dawa. Jiwe lake ni hafifu, linayeyuka! Bahati za watu wengine! Tukakubaliana kwamba hakuna aliyemwona mwenzake.

Kisha sindano ya usingizi. Nikaelea tena. Wakati huo walikuwa wanalivunja jiwe langu kwa mwanga wa leza. Nimaat anasema nilikuwa nacheka.

Jumanne, 14 Mei
Bi Ratiba amepona. Nilimpelekea njiwa aliyejazwa mchele. Akapokea njiwa, akanifungia mlango.

Majibu ya maabara: kalsiamu, kama Nashwa alivyobashiri. Ameniapisha mbele ya Nimaat nisiguse tena mgonjwa wa mawe ya figo. Nimeapa kwa moyo wote.

Nashwa alipokuwa akinywa chai akataja, juujuu tu, kwamba mawe ya nyongo ni habari nyingine. Mengine CT haiyaoni kabisa.

Haiyaoni! Jiwe lisiloonekana! Nani atathibitisha kwamba halijayeyuka? Nimekaa natazama mvuke wa birika, laini, kama ndoto. Chai ya nyongo iko jikoni, inachemka.