Siku ya Kuruka Uani kwa Mama Evarista

Jumapili, 3 Agosti 2025. Ilula.

Leo miezi kumi na tisa tangu nitoke Kiwira. Niliaga kwa miezi mitatu. Mgongo unauma upande wa kushoto, upande wa kupandishia matenga ya nyanya kwenye lori. Jumapili hatupakii, ndiyo maana naandika.

Habari kubwa: Tusajigwe anakuja. Mke wangu. Alipiga simu baada ya ibada, hakusalimia sana. Alisema Jumamosi ya tarehe kumi na sita atakuwa Ilula, na Jumatano inayofuata tunapanda basi moja kurudi nyumbani, yeye na mimi. Nikasema sawa. Akauliza kama ni sawa ya kweli au sawa ya Krismasi, ile niliyoahidi nisifike. Nikasema ya kweli. Nilimsikia anapuliza moto.

Tarehe kumi na sita ndiyo Siku yangu ya Kuruka. Mwanzo niliona ni balaa, sasa naona ni bahati. Mwanaume anayefuatwa na mkewe kama mbuzi aliyepotea, basi akutwe angalau ni mbuzi mwenye kengele.

Jumanne, 5 Agosti.

Mchezo wenyewe unaandikwa parkour. Unakimbia, unavuka ukuta, mtaro, ngazi, chochote kilicho mbele, bila kifaa, kwa mwili wako tu. Watu wanadhani ni mafunzo ya wizi. Kazi yetu ni kuwaonyesha kwamba sivyo.

Anayetufundisha ni Shedrack, fundi wa kuchomelea mageti, anatoka Iringa mjini. Hana mzaha. Wiki tatu za kwanza hatukuruka kitu. Tulijifunza kutua: nyayo za mbele, magoti laini, bila sauti. Anasema anayetua kwa kishindo hajajua. Sheria zake kaziandika kwenye boksi la sabuni: omba ruhusa kwa mwenye mahali, kagua pa kutua kabla hujaruka, usiruke usichofanyia mazoezi, mapaa na barabara kuu marufuku.

Nilikwenda kwa mtendaji kuomba kibali. Akauliza tunaruka nini. Nikasema ukuta. Wa nani? Wa Mama Evarista. Anajua? Nikasema ndiye mwenye nyumba wangu. Akauliza tena kama anajua.

Nikarudi kumwuliza. Mama Evarista ni Mhehe, mpole, ndiye mwenye uwanja tunaopakia nyanya. Alinisalimu kwa lugha yao, "Kamwene, baba," akanikaribisha kiti, akasema nikibomoa tofali moja nitalirudishia kwa meno. Nimeandika kwenye fomu: ruhusa imetolewa.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Zabron ameamua kunizika. Tunapakia naye lori moja, tunakula sufuria moja, na ametangaza mbio za magunia siku ile ile. Kijiweni amesema mtu wa miaka arobaini na minne akiruka ukuta, kinachofika upande wa pili ni nusu. Tena amepata mgeni rasmi, katekista.

Mimi sina mgeni rasmi. Diwani ana msiba.

Halafu wazo likaja lenyewe, kama chafya. Baba! Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa miaka thelathini, ana koti, ana kofia ya pama, anajua kukaa mbele za watu. Yuko Igawa kwa mdogo wake. Nimempigia. Amekubali. Swali lake lilikuwa moja, kama kutakuwa na kiti chenye mgongo.

Nikajishangilia mwenyewe: Fanueli oyee.

Jumatatu, 11 Agosti.

Mazoezi. Esta muuza vitunguu ndiye anayetua vizuri kuliko wote. Mimi natua, tuseme hivyo.

Maganda ya mpunga yamefika kutoka Madibira, magunia ishirini. Tumeyalaza kila mahali pa kutua. Shedrack aliyarukia mara nne, hakusema neno. Kwake hiyo ni sifa.

Ila ameukataa mnara wangu. Nilipanga matenga matupu matano, moja juu ya jingine, nipande na kuruka kutoka juu, kufunga shughuli. Alisema tenga tupu halina mguu, linateleza. Akasema mstari wa matenga uwe wa kuzuia watazamaji tu. Nimeupangua mbele yake. Jumamosi nitaupanga tena. Tusajigwe hawezi kutoka Kiwira kuja kuniona naruka tenga moja.

Alhamisi, 14 Agosti.

Nilikuwa juu ya lori, tenga mikononi, nikakumbuka. Nikaliachia.

Baba na Tusajigwe.

Kwetu Unyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe wake. Hawajagombana, ni heshima. Hawapiti njia moja, hawali pamoja, mkamwana hata jina la mkwewe halitaji. Siku hizi wengi wameacha, nyumbani kwetu hatujaacha. Miaka kumi na minane, baba akikohoa kwenye kona ya migomba, Tusajigwe anatokea nyuma. Mtoto wa kwetu anayajua haya kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Na mimi nimewaalika wote wawili kwenye uwanja mmoja wenye geti moja.

Miezi kumi na tisa. Kumbe ndivyo mtu anavyopotea, kidogo kidogo, bila kusikia.

Baba ameshakata tiketi, hazuiliki. Na nikimwambia Tusajigwe asije, ataelewa kitu kingine kabisa. Zabron ilibidi nimweleze, kwa kuwa nyanya zilimwangukia yeye. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mwakyusa, wewe ukienda peponi utaingilia dirishani." Jioni alinikuta naangalia ukuta, akanirushia turubai lake la kuanikia mahindi. Akasema nigawe uwanja, wanawake huku, wanaume kule. Kisha akanikumbusha kwamba bado atanishinda.

Jumamosi, 16 Agosti.

Naandika nimelala, mguu juu ya gunia.

Baba alifika mapema, akakaa kwenye kiti chenye mgongo, upande wa wanaume. Turubai lilisimama vizuri. Tusajigwe alipofika geti nilimwahi, nikampitisha upande wa pili. Amekonda kidogo. Alinishika shavu, akauliza kwa nini nimekuwa mweusi hivi. Aliuliza na turubai la nini. Nikasema la upepo. Hakukaa mara moja. Aliangalia uwanja wote polepole: geti, ukuta, mtaro, magunia. Nilidhani anasifia maandalizi.

Watu walijaa. Hata wa Zabron walihamia kwetu, yeye mwenyewe nyuma yao, gunia bado kiunoni. Shedrack alisoma sheria kutoka kwenye boksi. Esta na wenzake wakavuka ukuta kama maji yanavyovuka jiwe. Hakuna aliyechubuka. Kama ningekaa kimya, ingekuwa siku bila dosari.

Nikaupanga mnara wangu upya, nikaupanda.

Upepo wa Ilula hauombi kibali. Turubai lilivimba, likang'oka na miti yake. Matenga yakaondoka chini yangu. Nilitua pasipokuwa na maganda. Lakini kabla sijafika chini niliona yote. Baba kule, Tusajigwe huku, hatua kumi kati yao, hakuna kitu katikati.

Baba alikohoa. Kikohozi kile kile cha kona ya migomba. Akavuta kofia ikafunika uso wote.

Na Tusajigwe akaondoka. Alikaza kanga, hatua mbili, mkono mmoja juu ya ukuta, miguu yote miwili ikapita pembeni. Akavuka mtaro. Akagusa gunia mara moja tu, akapanda ukuta wa nyuma, akashuka kwenye bustani ya Mama Evarista. Hatukusikia sauti yoyote ya kutua.

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Shedrack alinijia mbio. Nikadhani anakuja kutazama mguu wangu. Aliuliza yule mama amefundishwa na nani.

Nikasema na baba yangu.

Jumapili, 17 Agosti.

Mguu umeteguka, haukuvunjika. Tusajigwe ananikanda kwa maji ya moto na chumvi. Amekuja na ndizi za nyumbani, ameufua na mkeka wangu, ambao mimi nilikuwa siuoni kuwa mchafu.

Shedrack alikuja kumwuliza siri. Alisema hana siri. Akifika mahali, kabla hajakaa, anaangalia atatokea wapi na atatua wapi. Basi. Shedrack aliandika kwenye boksi. Alipoondoka, Tusajigwe aliendelea kukanda, akaniuliza mimi niliangalia nini siku ile ninatoka nyumbani.

Akabadilisha maji.

Mchana baba aliniita sebuleni kwa Mama Evarista, alikolala. Alikuwa anaondoka. Aliweka kofia magotini, akauliza, "Aliruka vizuri?"

Nikamweleza. Mkono, miguu, mtaro, gunia, ukuta. Akataka nirudie sehemu ya mtaro. Nikarudia. Alisema miaka kumi na minane anasikia nyayo tu. Alisema anakohoa mapema ili mwenzake asikimbie sana, na siku za mvua anakohoa mara mbili, maana pale nyuma panateleza.

Hilo sikuwahi kulijua.

Alipokwenda nilikuta mfuko wa mchele wa Igawa mlangoni mwa jikoni. Hakusema ni wa nani. Tusajigwe aliuchukua bila kuuliza.

Jumatano, 20 Agosti.

Nilifika stendi na begi. Nataka hilo liandikwe.

Lakini tangu jana nina wazo. Shedrack ameombwa aonyeshe mchezo huko Madibira. Nami nawaza: Siku ya Wakamwana. Wakamwana wote wanaruka, baba wakwe wanakaa mbele kama wageni rasmi, na kikohozi ndiyo filimbi ya kuanzia. Nani amewahi kuona kitu hicho? Mguu ukipona nitafunga shughuli mwenyewe. Nimepata hata matenga makubwa zaidi.

Nilimweleza Tusajigwe pale pale, chini ya dirisha la basi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alichukua mfuko wa mchele, akapanda peke yake, akauweka kwenye kiti changu, akaufunga kwa kanga usianguke kwenye kona za mlima Kitonga, kisha akakumbuka kwamba Kitonga iko upande mwingine, akaufungua. Macho yalikuwa na maji kidogo. Basi lilipowaka alifungua kioo, akauliza kama safari hii nimekagua pa kutua.

Nikasema nimekagua.

Zabron alinibebea begi kurudi. Njia nzima hakunitania, na hilo limenisumbua.

Nitarudi Jumamosi, tarehe sita Septemba. Maganda yakichelewa, tarehe kumi na tatu. Nimemwahidi, na ni ahadi ya kweli. Ikishindikana kabisa, Krismasi.