Damu Yangu Sasa Ni ya Mdogo Wangu

Kwako Daktari Mkuu, Wodi ya Saratani ya Damu,

YAH: KUPANDIKIZIWA DADA BILA KUONYWA

Salaam, na pole kwa kazi. Mimi ni yule fundi makochi wa kitanda cha dirishani, aliyewasumbua kuhusu godoro. Leo nina shauri zito zaidi.

Mliponiambia saratani imegoma kusikia dawa, na kwamba nisipopata uboho wa mtu anayelingana nami nianze kuaga watu, nilikubali kupandikiziwa. Sikujua mtamwita mdogo wangu wa kike, mwalimu wa darasa la kwanza. Tulikuwa hatusemeshani miaka mingi, na kwa mtindo huo tulielewana vizuri sana. Kisa, alitangaza mbele ya wateja wangu kwamba kochi nililomtengenezea linaangusha wageni. Mkampigia simu, akaja siku hiyo hiyo, chaki ikiwa bado vidoleni. Mkamdunga sindano za kuziamsha chembe za uboho, akashinda ameunganishwa na mashine ya kuzikusanya, kisha mkanitundikia mfuko mwekundu. Hakuna aliyenieleza yatakayofuata:

1. Kundi langu la damu limegeuka, sasa ni lake. Nilipohoji, muuguzi akanijibu akicheka, "Kiwanda cha damu ni cha dada, wewe umebaki na jengo."

2. Chembe zake hazikubisha hodi. Zilinitoa vipele mwili mzima, zikanivuruga tumbo. Mkasema eti zinaniona mgeni. Mgeni, ndani ya ngozi yangu mwenyewe! Mlinipa dawa za kuzituliza. Naomba na mwenye chembe apewe.

3. Nilipofungiwa chumba cha peke yangu, kila jioni baada ya shule alisimama nje ya kioo akisahihisha madaftari ya watoto. Ningelala vipi huku natazamwa? Nililala, lakini si kwa hiari yangu.

4. Chanjo zangu za utotoni zimefutika. Nimepanga foleni na watoto wachanga, mimi na ndevu zangu, naye mwalimu ananiambia mbele ya kina mama, "Usilie, kaka." Aliyelia ni mtoto wa mbele yangu. Mimi aliniambukiza tu.

5. Mliandika kwamba vumbi litanidhuru. Akavamia karakana yangu, akatupa sponji kuukuu zote, akaosha hadi nyundo. Nilipofoka akasema, "Taratibu, fundi. Unaichosha damu yangu." Wanafunzi wangu wa kazi walimpigia makofi. Sasa hunijia kila Jumamosi kukagua mali yake, na mke wangu humwandalia kiti.

Kwa hiyo naomba mzitoe chembe hizi, mnipe za mtu baki, mpole, asiyejua ninapoishi.

Wasalimie wauguzi wote, na yule mhudumu aliyekuwa akinipigia mluzi nje ya mlango nisijione nimesahaulika.

Ni mimi, mwenye jengo,
Fundi Makochi

Nyongeza: Kliniki nimekutana na mama mmoja ambaye mwanawe mdogo yuko kwenu. Kaka mtu analingana naye kabisa, ila hataki kuja kwa sababu waligombana. Mama amenielekeza kwake, na kesho asubuhi naenda kumbembeleza. Nimemwomba mwalimu anisindikize. Tafadhali barua hii ichaneni kabla hatujafika na huyo kijana.