Mtandao Chini ya Turubai

Siku Melkiori alipogundua kwamba mtu wa Kariakoo anaweza kushinda bila chakula lakini si bila bando, alivua kofia kwa heshima, kama anayepita mbele ya kanisa.

Alikuwa amesimama kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitenge. Zulekha, mwenye duka la kwanza, alikuwa ameinua simu juu ya kichwa akitafuta mtandao, kama mtu anayeanika nguo. Bando la Khalfani, muuza masufuria, lilikuwa limekwisha kabla chai yake haijapoa. Bi Hyasinta, mama lishe kutoka Masasi, alikuwa anamtazama mjukuu wake kwenye video iliyoganda, mtoto mdomo wazi, dakika ya kumi sasa.

"Anaimba au analia?" aliuliza Shaibu, mchukuzi wa mizigo.

"Nitajuaje? Bando limeishia hapohapo mdomoni."

Wote walitazama mtandao. Melkiori alitazama simu. Zilikuwa simu nzuri.

Kesho yake alirudi na tai, na kitambulisho shingoni chenye maandishi madogo mno kusomeka, na kopo la maziwa ya unga lililochomekwa waya juu.

"Shikamoo mama. Mambo vipi wakubwa? Injinia Melkiori, mradi wa Mtandao wa Mtaa. Bure kabisa."

"Bure?" Khalfani akasimama. Neno hilo halitamkwi ovyo Kariakoo. Linaweza kusababisha msongamano.

Ndani ya kopo kulikuwa na simu ya Melkiori mwenyewe, imewashwa iwagawie wengine bando lake. Aliliweka juu ya stuli na kulipapasa kidogo, kwa sura ya mtu aliyesomea. Mjukuu wa Bi Hyasinta akafunga mdomo, akaufungua tena. Alikuwa anaimba.

"Subhanallah," alisema Zulekha.

"Hiyo ni ya kuonja tu. Kujiunga kuna masharti. Kwanza mkae pamoja, kwa sababu mtambo huu unavutwa na watu, ukikaa peke yako haushiki. Halafu pawe na kivuli, maana jua la Dar linayeyusha mtandao. Na simu zote zizimwe, zilale kwenye katoni moja kwa saa tatu."

"Zilale?"

"Zizoeane, dada. Wewe unaweza kuingia nyumba ya watu ukaanza kufungua friji?"

Zulekha alifikiri, akaona hawezi.

Jumamosi saa sita mchana uchochoro ulikuwa na turubai la kukodi, mkeka na viti vya plastiki. Simu thelathini na moja zililala katonini zikizoeana. Mpango ulikuwa rahisi: saa nane, watu wakishalegea kwa joto, Melkiori angetokea nyuma na katoni hadi Mchikichini. Huko Nurdin, mnunuzi wa simu asiyeuliza maswali, angemsubiri mpaka saa tisa, si zaidi.

Alisahau jambo moja. Katika mji huu turubai mchana, pasipo muziki, lina maana moja tu. Tena mtu aliyetenganishwa na simu yake huinama, hutazama viganja, huvuta pumzi ndefu. Watu thelathini na mmoja wakifanya hivyo pamoja, hata daktari atatoa pole.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja aitwaye Leticia, aliyekuwa anapita zake kwenda Mnazi Mmoja. Aliona, akavua viatu, akakaa mkekani, akaanza kulia. Wachukuzi wakasimamisha mikokoteni. Akina mama wakaja na ndoo za maji na sufuria la wali. Katika nusu saa viti vilikwisha.

"Mfiwa ni yupi?" aliuliza Leticia.

Watu wakatazamana. Kisha wakamtazama mtu mmoja mwenye tai, aliyekumbatia katoni kifuani huku jasho likimchuruzika hadi machoni.

"Pole sana baba."

Melkiori angeweza kusema hakuna aliyekufa. Lakini hapo angeulizwa turubai ni la nini, na katoni je?

"Asante," akasema.

"Ni nani?"

"Mama." Lilitoka lenyewe.

Zulekha alishika kichwa. "Injinia! Umefiwa, na bado ukatuletea mtandao?" Akalia kuliko Leticia.

Saa nane Melkiori akainuka na katoni. Shaibu naye akainuka.

"Unaenda wapi kaka?"

"Chooni."

"Twende."

"Peke yangu."

"Mfiwa haachwi peke yake. Anaweza kujidhuru."

"Chooni?"

"Kila mtu na huzuni yake. Lete huo mzigo, mfiwa habebi." Shaibu akaipandisha katoni kichwani, akasawazisha, akatangulia. Melkiori alikwenda chooni akisindikizwa na wanaume wanne, akarudishwa na wanaume sita.

Saa tisa ikapita, na nafasi ya Nurdin nayo. Bi Hyasinta akaketi karibu yake na sahani ya wali.

"Mama aliitwa nani?"

"Severa."

"Alikuwaje?"

Melkiori alitafuta uongo. Hakuwahi kuukosa maishani, lakini siku hiyo haukuja. Akasema mama yake alimenyea ndizi kisu kisicho na mpini, amekifunga kitambaa chekundu. Akasema kila kuku aliyemfuga alimpa jina la jirani waliyegombana naye, na siku ya kuchinja alikuwa na furaha sana. Watu wakacheka. Naye akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati, akalia kwa namna ambayo mjanja yeyote asingeishauri, makamasi hadi kwenye tai.

"Alikufa lini?" Bi Hyasinta aliuliza kwa sauti ya chini.

"Juni. Mwaka juzi."

"Ulienda kuzika?"

"Kuna watu walikuwa wananitafuta kule Rombo."

Bi Hyasinta aliitazama katoni, akalitazama kopo. Miaka ishirini ya kulisha Kariakoo ilimfundisha kumjua atakayekimbia bila kulipa kwa jinsi anavyokaa kwenye benchi.

"Kula," akasema. Kisha akasimama. "Jamani, mfiwa wetu anatakiwa Rombo leo hii."

Wakachanga palepale. Shaibu akajitolea kukata tiketi ya basi la jioni na kumkabidhi Melkiori mikononi mwa kondakta, kwa sababu mfiwa hubadili mawazo. Katoni ikafunguliwa, kila mtu akachukua simu yake. Khalfani naye, kwa udadisi tu, akafungua kopo.

"Humu kuna simu! Ya nani?"

Macho yote yakamgeukia Melkiori. Ndani ya simu ile kulikuwa na namba ya Nurdin, na za kina Nurdin wengine wa mikoa minne. Yaani kazi yake yote. Ilitosha kusema neno moja, "yangu." Lakini neno hilo lingeburuta mengine yote nyuma yake.

"Huo ndio mtambo," akasema kwa sauti ndogo. "Mali ya mtaa."

Wakampigia makofi.

Turubai halikushushwa. Aliyelikodisha alikuja kulichukua, akakaribishwa kiti, akajiunga. Mtambo haufiki mbali, unaishia kiti cha nane, kwa hiyo watu hubanana. Bando wanaweka kwa zamu. Zulekha na Khalfani, waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya ukuta unaotenganisha maduka yao, sasa wanakaa benchi moja, kwa ajili ya mtandao, wanasema.

Siku ya tano kopo likaita. Bi Hyasinta akapokea.

"Shikamoo mama. Naomba… hiyo simu unayoongelea…"

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nyumbani. Migombani."

"Kaburi umeliona?"

Kuku akasikika akilia kwa mbali.

"Nimelipalilia."

"Vizuri, mwanangu. Sasa kata, mjukuu wangu ameganda tena mdomo wazi. Na ukirudi, kiti chako kipo. Njoo na bando."